Msiende kuupimia Berlin

Mmeuliza eti muziki wa elektroniki wa majaribio unakufa? Swali limenigusa kwa sababu kila likiulizwa ni kama kwa wanaouliza muziki huo ni Berlin na London tu, ukumbi ukifungwa huko basi tunatangaziwa msiba. Mi najibu la huku Dar. Pale Mburahati kwenye studio ya Sisso vijana wametengeneza singeli, muziki wa kasi wa mitaani kwetu, kwa kompyuta za kawaida na programu ya FruityLoops, spidi biti 200 kwa dakika na kupanda, mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya kazi zao ikatoa albamu ya Sounds of Sisso. Na kabla yao kulikuwa na mchiriku, vinanda vya Casio kwenye spika chakavu. Kama hayo si majaribio ni nini?

Nakumbuka kigodoro kimoja, yaani ngoma ya mtaani ya kukesha, pale Tandale, usiku wa kuamkia harusi ya binti wa jirani. Dj kakaa kwenye kona ya turubai, kachukua kipande cha taarab, kinanda tu, hata sekunde tano hakifiki, akawa anakirudiarudia huku anaongeza spidi. Mama mmoja mtu mzima kasimama na sahani yake ya pilau, "hee, si wimbo wangu huo!" Dj kaongeza tena, na tena, mpaka kinanda kikawa kinalia kama king'ora, emsii mwenyewe akanyamaza maana maneno hayaingii tena, na wale kinamama ndo kwanza wakafunga khanga viunoni wakaingia kati. Umeme ukakatika. Jenereta lilipowashwa spika zikaanza kukoroma, mngurumo mzito hauishi, fundi anahangaika na nyaya, dj akamwambia acha hivyohivyo, akashusha vyote, akaupandishia ngoma juu ya ule mngurumo. Tumecheza mngurumo wa jenereta jamani, mpaka adhana ya alfajiri!

Ila hapa naandika nawaza, mara ya mwisho nimesikia kitu cha hivyo mtaani lini? Singeli ninayoisikia redioni imetulizwa ili maneno yasikike, na vipande ni vilevile kila wimbo. Wanaochokonoa bado wapo, DJ Travella wa singeli alitoa albamu ya Mr Mixondo 2022 na ni moto kwelikweli, lakini nimemsikia kwenye simu, anapiga majukwaa ya Ulaya, kwenye turubai la mtaani kwetu sijamkuta.

Kwa hiyo haufi, nasisitiza. Ila ule wa kujaribiwa hapohapo mbele ya kinamama, ambao ndo mi nauita wa majaribio, huo naona unatuponyoka, labda sio kila mtaa, Mbagala sijafika siku nyingi. Nyumba zimebanana, kuna wagonjwa na watoto wa shule, kwahiyo wanaovikataza vigodoro nawaelewa. Lakini wakivikataza bila kutoa hata kiwanja kimoja cha kukesha, dogo wa Manzese atabaki na pa kurekodia tu, pa kujaribia hana.