Kumpima kijana wa hoki kabla ya drafti: ushauri kwa wasaka vipaji wanaoanza

Mkianza kazi ya kusaka vipaji vya hoki ya barafuni mtakabidhiwa ratiba ya mechi, fomu za ripoti na orodha ya majina, na ni rahisi kudhani kwamba mnaulizwa ni kijana gani anacheza vizuri kuliko wenzake msimu huu. Mnachotakiwa kujibu ni kijana huyu wa miaka 17 atakuwa mchezaji wa namna gani atakapofikisha miaka 23 au 24, akiwa katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mbele ya wanaume waliokomaa ambao hawampi nafasi wala muda wa kufikiri. Kwa hiyo kila mnachokiona uwanjani kigawanyeni mafungu mawili: kile ambacho umri na mazoezi vitakiongeza, na kile ambacho asipokuwa nacho sasa ni vigumu sana kukipata baadaye. Katika miaka niliyokaa kwenye viwanja vya vijana vya Ontario, Kanada, nikiandika ripoti, sijasoma ripoti nzuri iliyoukwepa mgawanyo huo.

Anzeni na tarehe ya kuzaliwa, kabla hata ya kutazama mabao. Drafti ya NHL, ambamo timu 32 huchagua vijana kwa zamu katika raundi 7, humpokea kwa mara ya kwanza kijana anayetimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka huo. Ndiyo sababu katika orodha moja mtakuta vijana waliopishana karibu mwaka mzima, na kwa umri huo mwaka mmoja ni kilo kadhaa za misuli pamoja na msimu mzima wa kujifunza. Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997, akaikosa drafti ya 2015 kwa siku mbili, akaenda kucheza na watu wazima huko Zürich, Uswisi, ambako alifunga mabao 24 katika mechi 36, na ndipo timu ya Toronto ilipomchagua wa kwanza mwaka 2016. Matthew Schaefer, beki aliyechaguliwa wa kwanza na New York Islanders mwaka 2025, alizaliwa tarehe 5 Septemba 2007, maana yake alikuwa miongoni mwa wadogo kabisa katika kundi lake. Mkiwapata wawili wenye takwimu zinazolingana, mmoja wa Oktoba na mwingine wa Agosti iliyofuata, yule mdogo bado ana nafasi ya kukua ambayo mwenzake huenda ameshaitumia, na jambo hilo linastahili kukaa katika mstari wa kwanza wa ripoti yenu.

Baada ya hapo ndipo mfungue takwimu, tena kwa uangalifu. Katika hoki bao humpa pointi mfungaji, na pia huweza kuwapa pointi wachezaji wawili waliogusa kisahani, kile kidude bapa kinachochezewa badala ya mpira, kabla yake; yule wa pili nyuma ya mfungaji mara nyingine alichofanya ni kutoa pasi fupi kwenye eneo lake mwenyewe. Hesabuni basi mabao na pasi za mwisho peke yake. Tenganisheni pia pointi zilizopatikana wakati mpinzani amepungukiwa na mchezaji aliyeadhibiwa, kwa sababu kijana anayewekwa katika kikosi hicho maalumu pamoja na nyota wawili wa miaka 19 anaweza kuonekana mkubwa kuliko alivyo. Ulizeni anacheza pembeni ya nani, kwa dakika ngapi, na dhidi ya safu gani ya wapinzani.

Ligi nazo hazilingani, na hapa wanaoanza hupotea mara nyingi. Lucas Raymond, msimu wa 2019–20, alipata pointi 10 tu katika mechi 33 za ligi kuu ya Uswidi akiwa na Frölunda, lakini zilikuwa mechi za watu wazima, naye alikuwa akipewa dakika chache; Detroit ilimchagua wa nne mwaka 2020. Kwa upande mwingine, Cale Makar alitoka timu ya Brooks, katika ligi ya vijana ya Alberta ambayo ni ya daraja la chini kuliko ligi tatu kubwa za vijana za Kanada, kwa hiyo pointi zake nyingi zilitiliwa shaka kwa haki. Colorado ilimchagua wa nne mwaka 2017, na mwaka 2022 alitwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, akiwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Pointi zake hazikuwa hoja yenye nguvu. Hoja ilikuwa namna alivyoteleza, jinsi alivyobadili mwelekeo bila kupoteza kasi, na sifa hiyo haitegemei udhaifu wa mpinzani.

Hilo linatufikisha kwenye kutazama kwenyewe, ambako ndiko naomba mtumie nguvu zenu nyingi. Fikeni uwanjani mapema, kaeni juu, kwenye pembe, mahali panapowaruhusu kuona barafu yote, na mchagueni mchezaji mmoja mmtazame tangu anaporuka ukuta kuingia hadi anaporudi benchi, hata kama kisahani kiko upande wa pili. Zamu moja huchukua chini ya dakika moja, na sehemu kubwa ya muda huo kijana hana kisahani; akili yake ya mchezo imo katika sekunde hizo. Je, anageuza kichwa kuangalia nyuma ya bega kabla pasi haijamfikia, au anaanza kutafuta wenzake akiwa ameshakipokea? Anapopoteza kisahani, hatua zake tatu za kwanza zinaelekea wapi? Anaingia katikati mbele ya lango, ambako huumizwa, au anazunguka pembezoni akingoja wengine wamletee?

Jihadharini hasa na ujanja unaofaulu kwa sababu tu wapinzani ni vijana. Mtamwona mshambuliaji mrefu anayewapita mabeki kwa kuwasukuma na bega, na mtamwona mwingine anayechenga watu watatu katikati ya uwanja. Ujiulize kila mara, beki wa NHL mwenye mikono mirefu na uzoefu wa miaka kumi angeiacha nafasi ile wazi? Kama jibu ni hapana, liandike bao hilo kwa penseli nyepesi. Kijana anayefunga kwa sababu alifika mahali sahihi kabla ya wote ana kitu kitakachosafiri naye. Mtazameni pia akiwa amechoka, kwa kuwa ligi za vijana hupanga mechi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, na mechi ile ya tatu, ugenini, hueleza tabia ambayo mechi ya kwanza nyumbani huificha.

Kuhusu mwili, vuteni subira. Kila mwaka kabla ya drafti vijana bora hukusanywa, siku hizi Buffalo, kwa vipimo vya afya na nguvu, na havifanyiki juu ya barafu. Mwaka 2014 Sam Bennett alishindwa kujivuta kwenye chuma hata mara moja, habari ikaenea kila mahali. Calgary ilimchagua wa nne hata hivyo, na mwaka 2025 alikuwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano Florida ilipotwaa kombe. Nguvu za mikono huongezeka. Utelezaji uko katikati ya mafungu yangu mawili, nami sipendi kuutolea hukumu ya haraka: Brayden Point alichaguliwa wa 79 mwaka 2014, mfupi na mwenye utelezaji uliotiliwa shaka, akaurekebisha kwa mazoezi na mkufunzi wa kuteleza wa Tampa Bay hadi akawa miongoni mwa wepesi wa ligi. Basi msiandike tu kwamba kijana ni mzito. Andikeni kama tatizo ni mkao wa magoti na urefu wa hatua, ambavyo mwalimu anaweza kuvisahihisha, au kama miguu yenyewe haina mlipuko.

Jeraha lisiwatie hofu ikiwa kazi ya awali ilifanyika. Schaefer alivunjika mfupa wa mtulinga kwenye mashindano ya dunia ya vijana mwezi Desemba 2024, na msimu wake wa ligi ukaishia mechi 17. Timu iliyokuwa imemtazama tangu msimu uliotangulia ilikuwa na ya kutosha. Iliyongoja majira ya kuchipua haikuwa na kitu. Makipa waachieni wataalamu wa makipa, kwa maana hukomaa kwa kuchelewa: Henrik Lundqvist alichaguliwa wa 205 mwaka 2000.

Mnapozungumza na kijana au wazazi wake, kumbukeni kwamba bado ni mwanafunzi wa sekondari. Mwulizeni aeleze mchezo mmoja uliomshinda na anachokifanya kuurekebisha, kisha mnyamaze mmsikilize.

Ripoti iandikeni usiku uleule, kabla hamjasoma orodha ya mtu mwingine, na muweke matukio badala ya sifa tupu. Kwenye kikao cha kupanga majina, kwa raundi za mwisho, msimtetee kijana ambaye ni wa wastani katika kila jambo. Mteteeni mwenye jambo moja la kiwango cha juu kabisa, kwa kuwa wa wastani wapo wengi, nao wanaweza kupatikana hata bila drafti. Na orodha ya waliopitwa bila kuchaguliwa mwaka uliotangulia isitupwe. Pavel Datsyuk alipitwa mara mbili kabla ya Detroit kumchukua wa 171 mwaka 1998, akiwa anakaribia miaka 20. Katika ratiba ya Septemba tengeni jioni kadhaa kwa ajili ya vijana hao wa miaka 19, mkawatazame upya bila kufungua kwanza ripoti zao za zamani.