Niache ualimu nikaandike?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Kasulu, nina miaka 36. Nimeandika riwaya, imejaza kaunta buku tatu. Nasikia mwandishi Abdulrazak Gurnah naye alikuwa mwalimu. Aliacha kazi lini ili aandike? Nami nafikiria kuacha.
Mwalimu M., Kasulu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuacha. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, alihamia Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi. Alifundisha Kano, Nigeria, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka alipostaafu 2017. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, akiwa na miaka 38, miwili tu kukuzidi wewe. Paradise, iliyoingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994, aliiandika akiwa mhadhiri. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimkuta 2021, ana miaka 72.

Hiyo Paradise isome kwa Kiswahili: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anachukuliwa kwa deni la baba yake, baadaye anaingia bara na msafara wa mfanyabiashara. Niliisoma hapa Ujiji, nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe kwa muda mrefu, maana misafara ya pembe ilikuwa ikifika huku huku kwetu. Na aliyeiandika alikuwa na karatasi za wanafunzi mezani, kama wewe.

Mimi nilifundisha miaka 31. Nilikuwa naandika kuanzia saa kumi alfajiri, taa za wavuvi wa dagaa bado zinamulika ziwani. Saa kumi na mbili nafunga daftari, najiandaa kwenda shule. Mwaka mmoja niliomba likizo bila malipo nimalize kitabu. Miezi sita, kurasa kumi na moja! Kila nikishika kalamu nawaza unga na ada za watoto. Tena nilikosa darasa. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliwahi kuandika kwenye insha kwamba baba yake akitoka ziwani "ananuka usiku". Maneno kama hayo ningeyapata wapi, nimejifungia chumbani?

Kwa hiyo baki kazini, linda saa zako mbili. Riwaya ikikamilika, ipeleke kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kabla ya hapo nitumie sura mbili za mwanzo kupitia gazeti hili. Ziandike upande mmoja wa karatasi, na pembeni uniachie nafasi ya kalamu nyekundu.