Anzeni na saa ya mgonjwa

Wadogo zangu wa Tabora na Kigoma mnaotaka kuingia kwenye utengenezaji wa dawa za mionzi za kutibu saratani, nawaomba jambo moja kabla ya yote: jifunzeni kuhesabu kurudi nyuma. Mgonjwa atachomwa sindano saa nne asubuhi. Kila kitu kinapangwa kutokea hapo, kwa sababu isotopu, yaani atomi zenye mionzi zinazoipa dawa nguvu, ikishatoka kwenye kinu cha nyuklia au saiklotroni (mashine ya kuongeza kasi ya chembe) inaanza kupungua, na hakuna friji itakayoizuia.

Chukueni kalamu. Tuseme kichupa kimetoka Dar es Salaam kwa reli ya kati na kimekabidhiwa Kigoma baada ya saa 36. Hakuna atakayeisafirisha dawa hivyo, lakini safari hiyo wote mnaijua. Tuchukue isotopu mbili. Astatini-211 ina nusu-uhai, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ya saa 7.2, kwa hiyo njiani imekatika nusu mara tano: imebaki sehemu moja kati ya 32. Lutetiamu-177, yenye nusu-uhai ya siku 6.65, imebaki kama asilimia 86. Dozi yake ya kawaida kwa awamu moja ni gigabekereli 7.4 (kipimo cha wingi wa mionzi), hivyo ili zifike kamili lazima zipakiwe kama 8.7. Zile logi (logariti) za hisabati mnazozilalamikia darasani ndizo hizi.

Mtaniuliza, kwa nini basi tuhangaike na astatini? Kwa sababu chembe zake za alfa haziendi mbali mwilini, ni upana wa seli chache tu. Zikifikishwa kwenye seli ya saratani, zinaiharibu vibaya huku nyama ya jirani ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Chembe za beta za lutetiamu hufika hadi milimita mbili hivi.

Sasa tamaa ya mavuno. Astatini-211 hupatikana kwa kupiga bismathi, aina ya metali, kwa chembe za alfa zenye nishati ya megaelektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 28 hivi. Ukiongeza nishati, mavuno yanapanda, ila ukivuka 29 unaanza kutengeneza astatini-210 pia, na hiyo huzaa poloniamu-210 yenye nusu-uhai ya siku 138. Sumu ile haifai kuingia kwa mgonjwa hata kidogo. Mtu akikushawishi uongeze nishati kidogo ili kazi iishe mapema, kataa, hata kama ni mkubwa wako.

Kwenye kemia, adui ni chuma. Lutetiamu hufungwa kwenye DOTA, molekuli inayoshika metali kama koleo, ambayo ndiyo inayoiunganisha na kibebaji kinachoitafuta saratani. Kiasi cha lutetiamu ni kidogo mno, na chembechembe za chuma au zinki kutoka kwenye kijiko cha maabara zinatosha kukalia nafasi zake ndani ya DOTA. Tumieni vifaa vya plastiki, na asidi zenye usafi wa hali ya juu. Watu hulaumu joto au pH, kumbe tatizo lilikuwa kijiko.

Kuhusu usalama, beji ya kupima mionzi ivaliwe kila siku, na koleo ndefu isiachwe: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia inashuka hadi robo.

Kabla ya kushika isotopu, fanyeni kazi yote kwa maji matupu, glovu mkononi, mwenzenu akishika saa. Mkiweza kumaliza bila kusimama kutafuta kifaa, ndipo mwombe kichupa cha kweli.