Mtoto akichati usiku, uliza nani anamuungia bando

Wazazi wenzangu, tusidanganyane: ile simu uliyomwachia binti wa kidato cha tatu likizo "ajisomee", mapenzi yatapita humo. Mimi namlea mtoto wa dada yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, na riziki yangu ni kibanda cha uwakala. Kwa hiyo mambo haya nayaona sebuleni, nayaona na dirishani.

Meseji zenyewe za watoto kwa watoto, ukibahatika kuonyeshwa, zinachekesha. "Umekula?" "Nmekula, ww je?" "Ugali na mlenda." "Xawa, nambie." "Poa tu." Hapo saa nzima imeisha! Na huyo dogo mkikutana naye Sabasaba, salamu yenyewe inamshinda, anaangalia viatu vyake. Hizo mimi sizigombezi.

Ninazoziogopa ni zile za "ukisoma futa". Kijana wa rika lake hafuti, anatamba nazo kwa wenzake. Anayehimiza kufuta mara nyingi ni mtu mzima anayejua anachokikimbia. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela. Na akiwa chini ya miaka 18, "alikubali mwenyewe" si utetezi.

Dirishani nawaona. Baba mzima anakuja kuunga bando la wiki kwa namba isiyo yake, ukimtazama anasema ni ya mdogo wake. Labda kweli. Lakini mwanafunzi hana kipato, na mvulana wa umri wake mwenyewe anaomba salio. Bando lisiloisha lina mwenyewe. Tena angalia laini: ya mtoto husajiliwa na mzazi au mlezi. Piga *106# uone namba zilizo kwenye kitambulisho chako cha NIDA. Ukimkuta na laini ambayo haimo, muulize ni nani aliyeweka kidole.

Kumnyang'anya simu na kumchapa kunamfundisha tu kuficha simu nyingine kwenye tranka. Mimi huuliza tukiwa tunachambua mboga, bila kumkazia macho: "Siku hizi huyo unayechati naye anakuuliza nini?" Siku moja akajibu, "Mama mdogo, anataka picha." Sikupiga kelele. Nilimwambia anisingizie mimi: "Mwambie mama mdogo ni mkali, simu analala nayo yeye." Mabinti wengi hawajui kusema hapana bila kuonekana washamba, wape mtu wa kumtupia lawama. Na kweli, kuanzia saa tatu usiku simu inalala chumbani kwangu.

Ikifika kwenye vitisho, kwamba asipokuja geto picha zitasambazwa, nendeni polisi, dawati la jinsia na watoto, au mpige 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Meseji hizo msifute hata kama zinatia aibu. Ndizo ushahidi wenyewe.