Usisubiri Mvua Ndipo Uende Kutazama Miti

Kila nikiaga nyumbani mwezi wa nane kwamba naelekea porini kutazama miti, naulizwa swali lile lile: huko sasa hivi kuna nini, si kumekauka? Hapa Tabora wengi wetu tumezoea kwamba mti hutazamwa ukiwa na majani, na bustani huendewa mvua ikishanyesha. Wewe unayesoma, nakuomba ufanye kinyume. Anza na kiangazi.

Aliyenizoesha hivyo ni mjomba wangu, mrina asali wa upande wa Sikonge. Asali ya maua ya muva anaishusha katikati ya mwaka, kwa hiyo yuko msituni wakati majani yanapukutika. Siku ya kwanza aliyonichukua alinisimamisha kwenye mti, akasema, "Mjomba, fumba macho, shika." Nikashika. Gome limepasuka vipande vipande kama ngozi ya mamba. Akauchanja kidogo kwa ncha ya kisu, ukatoka utomvu mwekundu kama damu: mninga. Tukasogea kwenye myombo. Akabandua ukanda mwembamba wa gome kwenye tawi, akanipa upande mmoja nivute. Nilivuta kwa nguvu zangu zote na haukukatika. Kamba za kufungia mizinga zinatoka humo. Miti hii nilikuwa nimepita chini yake tangu utoto, na mwezi wa pili yote ilikuwa kwangu kijani kimoja tu.

Kiangazi kina sauti yake pia. Kaa kimya chini ya mtundu saa saba mchana, mwezi wa tisa, jua likiwa kali. Utasikia "ta!" juu ya kichwa, kisha kitu kidogo kinaanguka kwenye majani makavu hatua kadhaa kutoka ulipo. Ni maganda ya mbegu. Yakikauka hujikaza, yakapasuka ghafla na kurusha mbegu mbali na mti mama. Okota ganda lililopasuka ulitazame: kila nusu imejisokota kama kamba. Wanangu hukusanya hayo pamoja na mbegu za mkongo, zile nyeusi zenye kofia nyekundu.

Halafu yanakuja majuma ambayo kwangu ndiyo bora kuliko yote ya mwaka. Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tisa, hata tone la mvua halijaanguka, vumbi bado linatimka barabarani, mitundu inatoa majani mapya. Hayatoki ya kijani. Yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine karibu na zambarau, malaini kiasi kwamba ukilishika moja linalala kidoleni. Wekundu huo unalikinga jani changa na jua mpaka likomae. Na maji yametoka wapi wakati visima vinakauka? Mti uliyaweka akiba shinani na mizizini. Msitu mzima unajiandaa kwa mvua ya mwezi wa kumi na moja kabla sisi hatujaanza kutazama mawingu. Ukichelewa, unakuta rangi imeshageuka, kwa hiyo usipange safari hii kwa kusema "siku nikipata nafasi".

Sasa mambo ya kujihadhari nayo. Usivae nguo nyeusi wala za bluu, maana mbung'o wanazifuata rangi hizo. Hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya namna hiyo. Vaa kaki. Usijipake manukato kama unapita karibu na mizinga. Ukiingia hifadhi ya msitu, ripoti kwanza kwa maofisa wa misitu au serikali ya kijiji. Na kibiriti kiache nyumbani, kwa sababu moto wa mwezi wa tisa unaua hata miti mikubwa.

Upupu nauweka peke yake. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, nilipita kando ya kichaka bila kutazama maganda yaliyoning'inia, upepo ukavuma. Nilijikuna, na kujikuna ndiko kulikoeneza nywele za maganda yale mpaka shingoni. Mjomba alinipaka tope, akaliacha likauke, ndipo akalibandua taratibu, nywele nyingi zikatoka nalo. Ikikupata, mikono yako iweke mbali na ngozi.

Kozi fupi iliwahi kunipeleka London mwezi wa kwanza, katikati ya baridi yao. Nilipouliza njia ya kwenda bustani ya Kew, iliyoanzishwa mwaka 1759, mwenyeji wangu alinishauri nisubiri mwezi wa tano. Swali lile lile la Tabora! Nilikwenda. Miti ilikuwa mitupu na magome yote wazi, kuanzia meupe mpaka ya hudhurungi, nikawa nayagusa kama nilivyofundishwa. Kulikuwa na kichaka kisicho na jani hata moja ambacho kimechanua maua ya njano kama nyuzi, kwenye baridi ile. Ndani ya nyumba ya vioo ya michikichi, iliyojengwa kati ya 1844 na 1848, miwani yangu iliingia ukungu papo hapo. Joto lake ni la Kigoma, ufukweni, mvua ikiwa imekatika sasa hivi. Humo wametunza kwenye chungu mmea wa jamii ya sikadi, mimea ya kale inayofanana na michikichi, uliotoka Afrika Kusini mwaka 1775. Nilikaa mbele yake muda mrefu.

Masika nenda kwa ajili ya uyoga, na vaa buti kwa sababu nyasi zinaficha nyoka. Ukiwa Dar es Salaam, bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, itembelee mwezi wa saba hali ya hewa ikiwa imetulia.

Ila chagua pia mti mmoja wa karibu na kwako, urudi kwake kila msimu. Mimi nilikuwa na minne. Miwili imekatwa kukaushia tumbaku, na niliumia kama niliyefiwa na jirani. Baada ya hapo nilipanda mbegu ya mninga uani. Mche wa mninga una tabia ya kufa juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukizidi kushuka chini. Mwaka wa kwanza nilibaki na kijiti kikavu, na mke wangu nusura akifagie. Niliuzungushia mawe matatu. Huu ni mwaka wa nne; wiki iliyopita kijiti kilikuwa kikavu vilevile, na asubuhi ya leo, pembeni yake, udongo umepasuka.