Nimeshinda milioni 340: ninunue Coaster au niwekeze?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi seremala, nina miaka 36, naishi Morogoro. Mwezi uliopita mkeka wangu wa kubeti ulitiki wote nikapata jakpoti. Baada ya kodi imeingia milioni 340 kwenye akaunti. Wanaojua ni mke wangu, shemeji, mama mkwe na rafiki yangu mmoja. Shemeji anasema ninunue Coaster mbili niziingize barabarani kabla pesa haijayeyuka. Rafiki amenionyesha kampuni ya mtandaoni inayolipa asilimia 8 kila mwezi, ina cheti cha usajili cha BRELA na namba ya mlipakodi, TIN. Nimeweka milioni 3 kujaribu, na juzi nimelipwa 240,000 kama walivyoahidi. Mama mkwe anasema pesa za kubahatisha hazikai, lazima zizindikwe kwanza. Naomba ushauri wa kitaalamu nianze na lipi, maana kila siku nikiamka naona pesa imelala tu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Barua yako nimeitanguliza kwa sababu ya maneno yake ya mwisho. Hofu hiyo ya pesa kulala naletewa na kila aina ya mtu: aliyeshinda, aliyelipwa fidia ya kiwanja, mjane aliyegawiwa mirathi, mwalimu aliyestaafu. Wote wanakuja wakihema, kana kwamba fedha iliyoko benki ni samaki aliyeachwa juani. Katika miaka yote ya kazi hii sijaona imani iliyowapotezea watu mali nyingi kuliko hiyo.

Tuipige hesabu. Mfumuko wa bei hapa Tanzania kwa miaka ya karibuni umekuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka. Milioni 340 zikikaa miezi sita bila kuguswa wala kupata riba yoyote, zinapungua nguvu kwa kiasi cha milioni 5. Ni pesa, sikatai. Lakini Coaster moja iliyonunuliwa kwa papara, injini imefunguliwa na kufungwa mara ambazo hakuna anayezijua, inakula milioni 5 kabla haijamaliza mwezi barabarani. Na hata hizo milioni 5 huna sababu ya kuzipoteza. Kuna dhamana za serikali za muda mfupi, za siku 91, 182 au 364, unazonunua Benki Kuu kupitia benki yako. Kuna Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambao ukitaka fedha yako unaipata ndani ya siku chache za kazi. Huko fedha inaingiza kitu na wewe unapata muda wa kufikiri, nao muda ndio unaokosa kwa sasa.

Jambo moja la benki ulijue, maana watu wengi wakishaona benki ni kubwa wanadhani amana yao yote imekatiwa bima. Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inakufidia hadi shilingi milioni 7.5, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 1.5. Sisemi hivyo ili ukazitoe zote kesho uzifungie ndani ya nyumba. Nasema hakuna haja ya kuacha milioni 340 kwenye akaunti moja ya benki moja, wakati unaweza kuikopesha serikali sehemu kubwa ya fedha hiyo kupitia dhamana zake.

Sasa kauli ya mama mkwe. Pesa za kubahatisha hazikai: kila mtu anaisema, na siku hizi wanaongeza na takwimu, kwamba asilimia 70 ya washindi wa bahati nasibu hufilisika ndani ya miaka michache. Takwimu hiyo ilizungushwa dunia nzima ikitajwa kuwa ya taasisi ya elimu ya fedha ya Marekani, NEFE. Mwaka 2018 taasisi yenyewe ikatoa tamko kwamba haina utafiti wa namna hiyo. Tafiti zilizopo zinasema mengine. Sweden waliwafuatilia washindi wa zawadi kubwa, wakakuta zaidi ya miaka kumi baadaye bado wanaridhika na maisha yao kuliko wasioshinda au walioshinda kidogo. Florida waliwaangalia walioshinda kati ya dola 50,000 na 150,000. Miaka miwili ya mwanzo walifilisika kwa uchache kuliko walioshinda vijisenti, kisha kati ya mwaka wa tatu na wa tano wakafilisika kwa wingi zaidi. Ushindi uliwaahirishia tatizo la madeni tu. Kwa hiyo swali la maana kwako ni hili: una deni gani? Kama kuna mkopo wa VICOBA hujamaliza, kama kuna mkopo wa riba kubwa, kausha damu, ulikopa wakati wa kununua mbao, lipa zote wiki hii na uchukue risiti. Hilo, na jingine moja nitakalokuambia mwishoni, ndiyo tu ninayotaka uyafanye haraka.

Zindiko sitalizungumza kwa upole. Mganga hujifunza jambo moja kwako, nalo ni kiasi ulichonacho. Kwanza atataka kuku na shuka nyekundu. Baadaye atasema fedha haiwezi kuzindikwa ikiwa benki, lazima ije mbele yake taslimu, iwekwe kwenye sanduku, lifungwe kwa shuka ile, lisifunguliwe mpaka siku ya saba. Siku ya saba ndani mna magazeti yaliyokatwa kwa saizi ya noti. Nimekaa na watu wazima, wenye elimu zao, wakinisimulia hilo huku wanaona aibu kwenda polisi, na aibu hiyo ndiyo inayompa mganga nafasi ya kuhamia mkoa mwingine. Anayekuambia utoe fungu nono kama mbegu ili ushindi wako ubarikiwe namuweka kapu hilohilo, hata akiwa na Biblia au msahafu mkononi. Sadaka yako ya kawaida toa kama ulivyozoea kutoa. Mama mkwe mheshimu, mnunulie kitenge kizuri, lakini neno la fedha hii kwake liishie hapo.

Coaster nitazipitia upesi. Biashara ya daladala inalipa kwa anayeijua: anayesikia gia ikilalamika, anayemjua fundi wa kumuamini, anayeweza kumwondoa dereva leo na kesho akawa na mwingine. Wewe utaletewa hesabu siku nane, ya tisa utaambiwa gari liko gereji, ya kumi tairi, ya kumi na moja kuna faini, na hutakuwa na namna ya kujua kipi ni kweli. Je, shemeji ndiye atakayesimamia? Sina ubaya naye, lakini gari likiharibika mtapoteza gari na undugu pamoja.

Kilichonishangaza katika barua yako ni kwamba kati ya watu wote waliokushauri, hakuna aliyetaja useremala. Una ujuzi wa miaka. Unajua mninga mkavu kwa kuushika tu, unajua mteja gani analipa na gani anazungusha, unajua ni kazi ngapi umezikosa kwa kuwa huna mashine ya randa yako mwenyewe na unapanga foleni kwa jirani. Fundi mwenye mtaji wa kununua mbao mapema na kuziacha zikauke vizuri anauza mlango usiopinda, na mlango usiopinda ndio unaoleta mteja wa pili. Milioni 30 au 40 katika karakana yako, zikiingia kwa awamu, zinaenda mahali ambapo hakuna wa kukudanganya kirahisi.

Sehemu kubwa ya zilizobaki, baada ya miezi sita ya kutulia, ndipo uzungumze na benki kuhusu hatifungani za serikali, yaani dhamana zake za miaka mingi. Tuseme umeweka milioni 200 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Unapata milioni 24, zinazolipwa kwa awamu mbili, milioni 12 kila miezi sita. Hiyo ni milioni 2 kwa mwezi na mtaji wako upo palepale. Riba hubadilika kila toleo. Ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa asilimia 15.95, na baadaye matoleo mengine yakashuka. Ukihitaji fedha kabla ya muda unaweza kuiuza hatifungani yako kwenye soko la hisa, ila bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Kwa hiyo usiweke huko fedha unayojua utaihitaji mwakani.

Nimeiacha ile ya asilimia 8 mpaka sasa kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi.

Chukua milioni 340 uziweke kwa asilimia 8 kwa mwezi, faida ukiirudisha ndani kila mara. Baada ya mwaka una milioni 856. Baada ya miaka mitano una bilioni 34. Baada ya miaka kumi una karibu trilioni 3.5, zaidi ya nusu ya gharama ya mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere, zote zako, wewe seremala wa Morogoro. Mtu mwenye mashine ya kuzalisha fedha namna hiyo angekopa benki kwa asilimia 20 kwa mwaka na kubaki na faida ya kutisha. Asingekuwa na sababu ya kukutafuta kupitia rafiki yako.

Watu wakibanwa hapo hunitolea cheti cha BRELA. Nimechoka kulieleza hili lakini nitalieleza tena. Cheti cha BRELA kinasema jina la kampuni limeandikishwa. TIN inasema TRA inamtambua kama mlipakodi. Hakuna hata kimoja kinachompa mtu ruhusa ya kupokea fedha za umma na kuziwekeza. Ruhusa hiyo hutolewa na Benki Kuu kwa anayepokea amana, au na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, kwa anayeendesha mfuko wa uwekezaji au kushauri kuhusu dhamana. Muulize mwenye kampuni hiyo ana leseni ya nani kati ya hao wawili, kisha usiangalie karatasi atakayokutumia kwa WhatsApp. Piga simu kwenye mamlaka yenyewe.

Na ile 240,000 uliyolipwa haithibitishi lolote. Ulitoa milioni 3, wamekurudishia sehemu ndogo ya fedha yako mwenyewe wakiiita faida, nao bado wameshika 2,760,000. Wanajua aliyelipwa mara moja hurudi na kubwa, tena huja na ndugu zake. DECI ilikwenda hivyohivyo. Watu waliambiwa wanapanda mbegu na watavuna, wa mwanzo wakavuna kweli, wakashuhudia makanisani na maofisini, na serikali ilipoingilia kati mwaka 2009 waliokuwa wamepanda karibuni ndio waliolia. Baadaye ikaja ya kufugiwa kuku, ikaishia mahakamani. Mwanzoni mwa 2025 ikawa LBL, ya kulipwa kwa kutazama video kwenye simu, nayo polisi wakakamata watu mikoani. Kila mara kinachobadilika ni mbegu, kuku au video. Mpangilio ni uleule: fedha ya anayeingia leo inamlipa aliyeingia jana, mpaka siku wanaoingia wanapopungua.

Wewe unayesoma hapa na hujawahi kubeti maishani, usidhani barua hii ni ya mcheza mikeka peke yake. Hawa watu hawawindi washindi wa jakpoti, maana ni wachache mno. Wanawawinda wastaafu, kwa kuwa tarehe ya kustaafu inajulikana ofisi nzima na mkupuo unaingia siku moja. Wanawawinda waliolipwa fidia ya barabara au reli, kwa kuwa kijiji kizima hulipwa pamoja. Mstaafu wa miaka 60 akipoteza mkupuo hana miaka 30 mingine ya kuutafuta. Kama una mzazi anayekaribia kustaafu, zungumza naye sasa, kabla fedha haijaingia na kabla kijana mwenye suti na laptopu hajapata namba yake. Mwambie kwamba kumjibu kila mtu "nitafikiri, nirudie baada ya miezi sita" si ujinga wala woga. Mwenye biashara ya kweli atarudi baada ya miezi sita. Yule mwingine atakuambia nafasi zinajaa Ijumaa.

Narudi kwako mwanangu kwa zile milioni 3. Jaribu leo kutoa zote. Zikitoka, mshukuru Mungu na ufute hiyo programu. Zisipotoka, watakuambia ulipe kwanza ada ya kutolea, au kodi ya asilimia kadhaa ili akaunti ifunguliwe. Usiongeze hata shilingi moja. TRA haikusanyi kodi kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na anayekudai fedha ili akurudishie fedha yako ameshaamua kutokurudishia. Chapisha miamala yote, piga picha mazungumzo yenu kabla hayajafutwa, uende polisi, na mwambie rafiki yako naye afanye hivyo hivyo, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa naye ameweka na anaona haya kukuambia ni kiasi gani.