Maswali na Majibu: Mamlaka ya Mhudumu katika Makao ya Wazee ya Marekani

Swali: Ninafanya kazi zamu ya usiku. Mwenzangu huweka kengele mbali na kitanda cha bibi mmoja kwa kuwa anaita mno. Je, ni kosa?

Jibu: Ni kosa, tena kubwa. Bibi asiyeweza kuinuka mwenyewe hana njia nyingine ya kuomba maji, kupelekwa msalani au kueleza maumivu yake, na kanuni za shirikisho zinataka kila mkazi aweze kumwita mhudumu akiwa kitandani, msalani na bafuni. Sheria ya mwaka 1987, inayohusu makao yanayopokea fedha za Medicare na Medicaid (mipango ya serikali ya kulipia matibabu, wa kwanza hasa kwa wazee na wa pili kwa wenye kipato kidogo), inakataza pia kumfunga mkazi au kumpa dawa za kumtuliza kwa nia ya kumwadhibu au kuwarahisishia kazi wafanyakazi. Ninafahamu kwamba usiku wahudumu huwa wachache, lakini upungufu huo ni wa mwajiri, na si haki mgonjwa aubebe. Irudishe kengele mkononi mwake, kisha umweleze muuguzi msimamizi usiku huohuo.

Swali: Mama yangu anaogopa kulalamika, asije akalipiziwa kisasi. Nifanyeje?

Jibu: Hofu yake ina msingi, kwa sababu anayelalamikiwa asubuhi huenda ndiye atakayemwogesha jioni. Kulipiza kisasi ni marufuku, ila marufuku pekee haimlindi mtu aliye kitandani. Kila jimbo lina ofisi ya ombudsmani wa makao haya, yaani mtetezi wa wakazi, ambaye hufuatilia malalamiko bila malipo na hapaswi kulitaja jina la mkazi pasipo idhini yake. Nawe mtembelee mama kwa saa zisizotabirika, ikiwemo jioni na mwisho wa juma.

Swali: Wanaweza kumfukuza kwa sababu ya malalamiko yetu?

Jibu: Hawawezi. Sababu za kumwondoa mkazi zimeainishwa kisheria, na kwa kawaida lazima apewe taarifa ya maandishi siku 30 kabla, akiwa na haki ya kukata rufaa.

Swali: Mzee ninayemhudumia hukataa kuoga. Nimlazimishe?

Jibu: Usimlazimishe, ana haki ya kukataa. Muulize kwanza sababu, kwani mara nyingi ni baridi, saa isiyomfaa, au aibu ya kuvuliwa nguo na kijana wa umri wa wajukuu wake. Akitaka kuhudumiwa na mwanamume mwenzake, ombi hilo lifikishwe kwa msimamizi. Funga mlango, mfunike, umweleze kila hatua kabla ya kumgusa, na akikataa tena, mjulishe muuguzi ili iandikwe.